Gego la Kaka, Shingo ya Mjomba

Gego la mwisho la kaka yangu, la chini upande wa kulia, lilikuwa limelala ndani ya fizi tangu ujana wake, kichwa chake kikimsukuma jirani. Magego hayo kwa kawaida hutoka mtu akiwa kati ya miaka 17 na 25. Taya likikosa nafasi, gego hukwama njiani, nusu nje nusu ndani, na kipande cha fizi hubaki kimelifunika kwa juu. Chakula kikiingia chini ya fizi hiyo hakitoki, na hapo ndipo uvimbe unapoanzia. La kaka lilivimba, likatulia, likavimba tena kwa miaka, na kila lilipovimba nyumba nzima ilipata habari, kwa sababu kaka akiumwa hakai. Hutembea. Hutoka chumbani, hupita ukumbini, huzunguka uani, hurudi, mkono umeshika shavu.

Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vinavyotazamana na ukumbi katikati. Baba na Mama wako chumba cha mbele, na Bibi, mama yake Baba, anatazamana nao. Kaka na wifi wanafuata na watoto wao, kisha mimi, na huko uani ana chumba chake Mjomba, kaka yake Mama, ambaye huendesha fuso la kubeba machungwa kutoka Muheza. Katika nyumba ya namna hii hakuna ugonjwa wa mtu mmoja. Mmoja akiumwa, wote tunakesha.

Asubuhi kaka aliposhindwa hata kufungua mdomo ale muhogo wa chai, Mama alimwambia avae aende. Akaenda kwa daktari wa meno wa kulipia, mahali ambapo wenzake wa kazini walipasifu.

Daktari yule alikuwa na mikono mizuri. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele nitamlaumu, na sitaki lawama yangu ipotoshe kazi yake. Alimchoma ganzi ikashika sawasawa, akaichana fizi, akalikata lile gego vipande viwili kwa mashine, akalitoa bila kuvunja mzizi. Mtu aliyewahi kubakishiwa mzizi kwenye taya anajua thamani ya kazi hiyo. Kaka alisema hakuhisi lolote ila msukumo na kelele ya mashine karibu na sikio. Kisha daktari akamwekea shashi, akamwambia, "Tayari. Uma hapo," akaandika dawa, na mgonjwa mwingine akaingia. Kaka alirudi nyumbani ametuna shavu na furaha tele, gego lake likiwa ndani ya karatasi, akilionyesha watoto.

Jioni ile rafiki yake alimletea dafu. Kaka akalinywa kwa mrija, taratibu, kwa upande usiouma. Baada ya hapo akakaa barazani akavuta sigara mbili tatu, maana mchana kutwa hakuvuta. Kabla ya kulala, jirani yetu mmoja mwenye huruma alimpa ushauri kwamba jeraha la mdomoni huoshwa kwa maji moto ya chumvi, na maji yazungushwe kwa nguvu ili uchafu utoke. Akayazungusha kwa nguvu, akatema kwa nguvu.

Jino likitoka, kitundu hujaa damu, damu ikaganda, na lile bonge la damu ndilo linaloufunika mfupa na ncha za mishipa ya fahamu mpaka nyama mpya iote. Bonge likitoka, mfupa hubaki wazi, mate na chakula vikiugusa. Kunyonya kwa mrija huweza kulivuta likatoka. Sigara huharibu zaidi kuliko vyote. Kutema kwa nguvu hulisukuma. Maji ya chumvi ni mazuri sana, lakini kuanzia kesho yake, na ya uvuguvugu, nayo huachwa yatiririke yenyewe. Hayo yote yanasemeka kwa dakika tatu, na kaka hakuambiwa hata moja.

Siku mbili za kwanza zilikuwa nzuri kiasi kwamba alirudi kazini. Ya tatu ndiyo iliyotuonyesha. Maumivu yalianzia kitunduni, yakapanda sikioni, yakashika upande mzima wa kichwa, na vidonge vya maumivu vikawa havina kazi. Kinywa kikaanza kutoa harufu. Usiku kaka akaanza safari zake za ukumbini, na safari hii alikuwa halalamiki tena, analia. Mtu mzima mwenye watoto wawili, analia amejifunga kanga ya mkewe kuanzia kidevuni hadi utosini. Watoto wakaamka wakaanza kulia naye. Baba akawasha taa zote kana kwamba mwanga ungesaidia.

Bibi ni mtu wa Wete, Pemba, aliletwa Tanga na ndoa, na karafuu hazikosekani chini ya kitanda chake. Tulisikia kinu kinagonga uani usiku wa manane. Majirani walidhani kuna msiba, maana nani hutwanga saa hizo kama si kupika cha watu wengi? Bibi alikuja ukumbini na unga wa karafuu kiganjani, akamwamuru mjukuu wake afungue mdomo. Mama akasimama katikati. Sijawahi kumwona Mama akimpinga mama mkwe wake mbele ya watu, na usiku ule alimpinga kwa sauti ya chini na mikono yote miwili ameishika ya Bibi. "Mama, nakuomba. Unga ukiingia kwenye kidonda hautatoka. Tusubiri kuche." Bibi alimtazama kwa muda, akaufunga unga wake kwenye pindo la kanga, akaketi kwenye kiti hadi alfajiri bila kusema na mtu.

Kulipokucha Mama akapiga simu kule kwa daktari. Kijana wa mapokezi akasema daktari ana wagonjwa, na kwamba maumivu ni kawaida baada ya kung'oa, anywe dawa, aje Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa. Mama akaomba aongee na daktari mwenyewe kwa dakika moja. Kijana akasema ujumbe utafika. Mchana akapiga tena, simu ikaita mpaka ikakata.

Hapo ndipo ninapomlaumu yule daktari, na si kwa lile bonge la damu. Kitundu kukauka namna ile hutokea hata katika mikono iliyo bora, hasa kwa magego ya chini, hasa kwa wavutaji. Si ushahidi wa kazi mbovu. Lakini mtu aliyekufungulia mdomo wake na kukuacha uchane fizi yake amekukabidhi kitu kikubwa, na makabidhiano hayo hayaishi pale shashi inapowekwa.

Aliyemtuliza kaka ni mama mmoja, tabibu wa meno kwenye kituo cha afya cha serikali, tuliyempata Jumamosi. Hakuwa na kiti cha kung'aa. Alikiosha kitundu kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, pole pole, akakijaza utepe mwembamba uliolowekwa dawa. Kabla bajaji haijafika nyumbani kaka alikuwa amesinzia begani kwa mkewe. Alipoingia ndani, Bibi alimsogelea, akanusa, akasema, "Karafuu hiyo."

Ilikuwa kweli. Dawa wanayoweka kwenye vitundu vya namna hiyo mara nyingi ina yujenoli, mafuta yaliyomo ndani ya karafuu, yenye nguvu ya kuutia ganzi mshipa wa fahamu. Tofauti ni kipimo na usafi: mafuta yakizidi huunguza fizi, na unga wa kinuni huacha chenga kidondani. Kwa hiyo Mama alikuwa na haki na Bibi alikuwa na haki, na wote wawili kwa usiku ule mmoja. Bibi alilitangaza la upande wake mtaa mzima, hadi barabara ya nne kutoka kwetu.

Sasa nije kwa Mjomba, kwa sababu gego la kaka lilikuwa na mtoto wake, na mtoto huyo karibu atuulie mtu.

Mjomba naye alikuwa na jino bovu, gego la chini lililotoboka siku nyingi. Alikuwa ameshakubali kwenda kuling'oa, akimsubiri kaka atangulie ili ajue bei na maumivu. Akawa ameketi mlangoni kwake usiku ule wote, anamtazama mpwa wake anavyozunguka uani. Asubuhi alimwambia Mama, "Dada, mimi simo. Mtu kaingia anaumwa jino, katoka anaumwa kichwa kizima." Mama alimweleza baadaye kuhusu mrija na sigara. Mjomba akajibu kwamba kama mambo yenyewe ni rahisi hivyo, basi daktari aliyenyamaza ni wa kuogopwa zaidi. Na mimi, kwa kweli, sikuwa na jibu la kumpa.

Akaanza kujitibu. Jino likiuma alipitia duka la dawa, akanunua amoksilini za kumeza mpaka maumivu yatulie, kisha akaacha zilizobaki kwenye dashibodi ya fuso. Likianza tena, akamalizia zile. Amoksilini huwapunguza wadudu wa usaha kwa muda, lakini haiwezi kuingia ndani ya jino lililokufa ikasafisha. Chanzo kinabaki palepale, na usaha hutafuta njia. Kwa magego ya nyuma ya chini njia hiyo ni mbaya kuliko zote, kwa sababu mizizi yake hushuka chini ya pale ulipojishikiza msuli unaofanya sakafu ya kinywa. Usaha ukitoboa mfupa hapo hauji juu kwenye fizi ukafanya jipu la kuonekana. Unashuka shingoni.

Usiku ulioleta balaa alirudi kutoka Muheza akaingia chumbani bila kula. Wifi ndiye aliyemgundua, alipompelekea uji. Alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda ameinama mbele, leso mdomoni, mate yanamtoka hawezi kuyameza. Alipojaribu kujibu salamu, sauti ikatoka ya mtu mwenye tonge la moto kinywani. Wifi akapiga kelele. Mama akaja na tochi, akamgusa chini ya kidevu, na kote, kushoto na kulia, palikuwa pagumu. Alipommulika mdomoni aliona ulimi umeinuliwa juu, umegusa meno.

Sikujua wakati ule, na nataka kila asomaye hapa ajue: uvimbe mgumu chini ya taya pande zote mbili, ulimi umepanda, mate yanadondoka, mtu hawezi kulala chali. Huyo hangoji asubuhi. Daktari wa Kijerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836 na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kabla ya kupatikana dawa za kuua bakteria, zaidi ya nusu ya walioupata walikufa, na wengi wao walikufa kwa kukosa hewa, koo limezibwa kutoka nje.

Baba alitaka Mjomba alazwe kiti cha nyuma cha bajaji ili apumzike. Mjomba akagoma kwa mikono, akakaa wima, na kukaa kwake wima ndiko kulikomweka hai hadi hospitalini. Bibi alibaki mlangoni anasoma Ayatul Kursi. Nilikaa pembeni yake Mjomba ndani ya bajaji nikisikia kila pumzi inavyopita kwa shida, na dereva, kijana wa mtaani kwetu, hakusimama popote.

Daktari kijana wa zamu katika hospitali ile kubwa alimmulika mara moja tu, akainua simu. Hakupita muda, akaja daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, aliyeamshwa kwake, vifungo vya shati vimekosana. Alifanya jambo ambalo nimelikumbuka kila ninapopita mlango wa hospitali yoyote. Badala ya kuongea na sisi kuhusu mgonjwa, alivuta kiti akakaa mbele ya Mjomba, akampa kalamu na karatasi.

"Shikamoo mzee. Najua huwezi kusema. Nitakuambia ninachotaka kufanya, ukiwa na swali andika. Koo lako linazibwa na usaha. Mwenzangu wa dawa za usingizi atakupitishia mrija puani ufike kwenye njia ya hewa, na utakuwa macho, kwa sababu nikikulaza usingizi kabla ya mrija naweza kuipoteza pumzi yako. Utataka kukohoa. Itakuudhi. Ukishindwa, inua mkono huu, tutasimama upumue, kisha tutaendelea. Mrija ukishaingia ndipo utalala, na mimi nitapasua hapa na hapa, chini ya kidevu, usaha utoke, na nitaling'oa lile jino."

Mjomba akaandika kwa herufi kubwa zilizopinda: NI WEWE ULIYEMNG'OA MPWA WANGU?

Daktari akaisoma, akatutazama, akarudisha macho kwake. "Hapana, mzee."

Mjomba akaitikia kwa kichwa, na wakaanza.

Walimpima sukari usiku ule ikakutwa juu sana. Alikuwa na kisukari kwa muda asioujua, na kisukari huufungulia usaha njia. Kwa hiyo alitoka hospitali, baada ya siku nyingi, na makovu mawili chini ya kidevu, daftari la kliniki ya sukari, na simulizi moja asiyochoka nayo. Hasimulii kisu wala mrija. Husimulia ule mkono. Aliuinua mara moja, anasema, na kweli walisimama.

Wifi alikuwa amesikia haya yote akiwa na lake rohoni. Picha ya meno aliyopigwa zamani ilionyesha gego lake la kushoto limelala kabisa, na sasa lilikuwa limeoza. Baada ya Mjomba kurudi hakuhitaji kusukumwa. Alikwenda kwa daktari bingwa yuleyule aliyempasua Mjomba, na mimi nikamsindikiza.

Daktari akaiweka picha kwenye mwanga, akamwonyesha utepe hafifu unaopita ndani ya taya la chini. Huo, alisema, ni mfereji wa mshipa wa fahamu unaoleta hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu, na mizizi ya gego lako imeugusa. Kuna wagonjwa ambao tunakata kichwa cha jino tukaiacha mizizi ili tusiuguse, lakini lako limeoza hadi ndani, mizizi ikibaki itatunga usaha, na mjomba wa mumeo umemwona. Kwa hiyo nitalitoa lote. Unaweza kuamka mdomo umekufa ganzi. Kwa wengi hisia hurudi kwa wiki au miezi. Kwa wachache hairudi. Nenda nyumbani ukafikiri.

Baraza la nyumbani lilikaa siku kadhaa juu ya sentensi hiyo moja, "Kwa wachache hairudi." Baba aliona daktari anayesema hivyo hajiamini. Kaka aliyekuwa na kidonda cha kumbukumbu alisema bora huyo. Bibi aliuliza kama kweli mtu anaweza kula asijue anakula. Mjomba alisikiliza wote kisha akasema yeye atampeleka kwa fuso.

Siku ya kazi, akisubiri ganzi ishike, daktari alimsimulia wifi habari za daktari wa meno wa Marekani, Horace Wells, wa Hartford, ambaye Desemba 1844 alivuta gesi ya nitrasi oksaidi akang'olewa jino lake mwenyewe asiumie. Mwezi uliofuata akaenda Boston kuwaonyesha wanafunzi wa udaktari. Mgonjwa akapiga kelele, inasemekana kwa sababu gesi ilikatizwa mapema, na waliohudhuria wakamzomea. Gesi ile ikaachwa katika kung'oa meno karibu miaka 20, hadi ilipofufuliwa mwaka 1863. Wells mwenyewe alikufa 1848 hajarudishiwa heshima yake. Wifi aliniambia alichokisikia humo ni Mjomba mtupu: mtu mmoja kalia mbele ya watu, na wengine wote wakaumia meno yao nyumbani kwa miaka.

Gego lilichukua muda. Kuvimba kulikuwa kukubwa, shavu lilibadilika rangi, akala uji wa mchele na supu ya pweza iliyopoa. Alipewa karatasi ya maelekezo, na hakuna dafu lililomkaribia. Na mdomo, kama alivyoambiwa, ulikufa ganzi, nusu ya kushoto pamoja na kidevu.

Nyumba ikajipanga upya kuuzunguka mdomo huo. Chai ilipoanza kumuunguza bila yeye kujua, kila kikombe chake kikawa kinaonjwa kwanza na binti yake mkubwa. Mchuzi ukimtiririka kidevuni hana habari, hivyo kaka alipewa kazi ya kumkalia mbele na kugusa kidevu chake mwenyewe ili yeye ajifute. Ilifika mahali watoto nao, wakiona mgeni yeyote anagusa kidevu, wanamkimbilia mama yao na kitambaa. Kulikuwa na usiku aliolia pia. Kumbusu mtoto usihisi mdomo wako ni jambo zito, na sitaki kulipitisha kama kichekesho.

Lakini hakumlaumu daktari hata siku moja. Kila alipokwenda, daktari alimfumbisha macho, akamgusa kwa ncha ya pamba na kwa ncha kali, akachora kwa kalamu kwenye kidevu mpaka wa pale palipokufa. Wifi akirudi nyumbani na mchoro ule, sote tuliusogelea kuupima na wa mara iliyopita. Mpaka ulikuwa unajikunja. Ulianza na mwasho, kama wadudu wanatembea, na daktari alikuwa ameshasema mwasho ukija ni habari njema, kwa hiyo ulipokuja alifurahi badala ya kuogopa. Sehemu ndogo karibu na pembe ya mdomo haijarudi mpaka leo. Hata hivyo amewapeleka kwa daktari yule majirani ambao hawangekwenda: mama muuza vitumbua aliyeishi na jipu la jino, mzee wa barabara ya pili aliyebakishiwa mzizi na mtu mwingine. Kijana mmoja wa bodaboda aliyevunjika taya alifungwa meno kwa waya, na muuguzi wa hapo akamvisha mkasi wa kukatia waya kwenye kamba shingoni, akamwambia asiuvue hata akilala, ili akitapika asipaliwe.

Linganisha. Daktari wa kwanza hakumjeruhi kaka kwa chochote cha kudumu, kitundu kilipona kikafunga, na nyumba yetu inamwogopa. Wa pili alimwachia wifi alama ambayo huenda atazikwa nayo, na nyumba yetu inampeleka watu. Kuna wanaosema wagonjwa hatujui kupima udaktari, tunapima tabasamu. Nimelifikiria hilo na silikubali. Kaka alihitaji habari za mrija kama alivyohitaji ganzi. Zilikuwa sehemu ya tiba, na hazikutolewa. Kwa kukosekana kwake, Mjomba alikaa na jino bovu mpaka shingo ikaziba.

Mama ndiye aliyeona haliwezi kuishia barazani. Ni mwalimu mstaafu, na hana imani na lawama ambayo mlaumiwa mwenyewe hajaisikia. Siku moja alivaa baibui, akanichukua, tukaenda kwa yule daktari wa kwanza. Alilipa pesa ya kumwona kama mgonjwa ili asizuiwe mlangoni.

"Shikamoo mama," daktari akasema, akitazama fomu. "Jino lipi?"

"Marahaba mwanangu. Langu ni zima. Nimekuja kukupa habari za wagonjwa wako wawili, na wa pili hukumwona."

Akamweleza yote. Hakupandisha sauti. Alianza na kusifu mkono wake kwa gego lililotoka bila kuvunjika, akaja kwenye dafu, sigara, maji ya moto, simu ya Ijumaa, kisha Mjomba na amoksilini zake kwenye dashibodi, na ule usiku. Daktari alikuwa kijana kuliko nilivyomdhania. Alisema wagonjwa ni wengi, kwamba maelekezo alimwachia kijana wa mapokezi ayatoe, na kwamba hakujua kama kuna simu iliyopigwa. Mama alimwacha amalize. Baada ya kimya akasema neno ambalo mimi naona ndilo kweli ya jambo lote: "Mama, wakiumia hawarudi kwangu. Wanakwenda kwingine. Mimi ninaowaona tena ni waliopona tu."

"Ndiyo maana nimekuja," Mama akamjibu.

Akatoa kwenye mkoba ile karatasi ya maelekezo aliyopewa wifi, akaiweka mezani. Daktari akaisoma yote, akaomba aitoe nakala. Kisha, bila kuombwa, akachukua kadi yake akaandika nyuma namba ya simu kwa mkono wake, akampa Mama, akasema yeyote wa nyumbani kwetu akiumwa apige hiyo.

Mama akavaa miwani akaitazama, akamrudishia.

"Hii ni ya mchana au ya usiku?"

"Ya mchana, mama."

"Basi iandike na ya usiku. Na usitupe sisi peke yetu, iandike kwenye hiyo karatasi utakayowapa wote."

Daktari akavuta kalamu tena.